Mbona hakuondoka?

Wiki hii mmeuliza: riwaya ya taharuki inayompeleka mwigizaji wa kike kupiga filamu mahali pa upweke, kisha watu wakaanza kutoweka mmoja mmoja, inaaminika? Nimesoma za namna hiyo si moja wala mbili, na kila mara hunikera jambo lile lile. Binti ameshaziona dalili zote na bado yupo. Sura ishirini, yupo! Nikasema nikae niwaandikie kwamba waandishi hawa huwafanya waigizaji wajinga ili kitabu kipate kurefuka.

Ila nimekikumbuka kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya.

Nilichukuliwa kuwa fundi wa mavazi wa filamu iliyopigwa kule, mimi wa Mji wa Kale, Mombasa, niliyezoea kushona mabuibui. Tulivuka kwa mashua kutoka Shimoni, na nahodha alilipwa na wenye filamu, si na sisi. Kisiwani hakukuwa na gari hata moja, maji ya kunywa yalikuwa ya mvua, na simu zetu zilichajiwa kwa jenereta ya kambi, iliyozimwa kazi ikiisha. Siku ya nne mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikupwa hadi saa nne usiku, miamba ikawa wazi, na binti, mwigizaji wetu, akaambiwa asimame kule mwisho kabisa, amejifunga leso niliyompindia kwa mkono wangu. Maji yakaanza kurudi. Wakarudia mara saba, mara nane. Mara taa haikukaa vizuri, mara wimbi limewahi. Yalipomfika kiunoni akasema hajui kuogelea. Akajibiwa kwamba kwenye fomu aliandika anajua.

Alipotoka, mimi ndiye niliyemfungua pini za mabegani, maana vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Pindo la leso lilikuwa limechanwa na matumbawe, nyuzi zimemzonga kisigino. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mamangu, mashua iko wapi?" Nikatazama gatini. Mashua ilikuwa Shimoni, inakuja ikiitwa, na mwenye kuiita ni yule yule aliyemsimamisha majini.

Nikamwambia, "Lala, mwanangu, kesho tutaona." Kesho yake alikwenda kupakwa poda kama kawaida, nami nikaishona ile leso. Nusu ya malipo yetu ilikuwa mwisho wa kazi.

Basi jibu langu si lile nililokaa kuliandika. Inaaminika. Muuaji mwenye kisu bado simwamini sana, na kwetu hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Pengine anayesoma kwa kutaka damu ataona namchosha. Lakini mwandishi akinipa dhoruba na milango iliyofungwa bila kunionyesha mashua iko mkononi mwa nani, namrudishia kitabu chake. Ile ya sura ishirini nimeitoa tena kabatini. Natafuta kwanza nahodha anatajwa ukurasa gani.