Walinzi wa mnara wa Flannan hawakuacha chakula mezani

Husimuliwa kwamba walinzi watatu wa mnara wa taa wa visiwa vya Flannan walipotoweka Desemba 1900, waliacha chakula mezani na kiti kilichopinduka. Hapana, hakukuwa na chakula kilichoachwa mezani wala kiti kilichopinduka. Hayo yametoka kwenye shairi la Wilfrid Gibson la 1912, watu wakayabeba kama habari. Joseph Moore, aliyeingia kwanza kwenye mnara huo wa Uskoti tarehe 26 Desemba 1900, aliandika kwamba vyombo vya jikoni vilikuwa safi kabisa. Taa nayo ilikuwa imeshaandaliwa. Kilichobaki ni koti la mvua la McArthur, mmoja wa walinzi hao, yaani huenda alitoka mbio na shati tu. Gati la magharibi mwa kisiwa lilikuwa limevurugwa, hadi sanduku lililokuwa mita 33 juu ya bahari. Mkaguzi Muirhead akaamua ni wimbi lililowasomba, ingawa miili ya wale watatu haikupatikana.