Maswali ya Wasomaji: Tangazo Limependwa, Mauzo Hayaonekani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaofanya, au wanaotaka kufanya, kazi ya masoko ya mtandaoni. Tumechagua tatu.

*Ndugu Mwandishi, nimeajiriwa kusimamia matangazo ya mtandaoni katika duka la samani lililopo Keko, Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi napeleka ripoti ya watu tuliowafikia, waliotupa laiki na waliotufuata, na idadi zote zinapanda. Hata hivyo bosi wangu anasema haoni fedha, na sasa anataka kufuta bajeti. Nifanyeje? Msomaji, Temeke.*

Ndugu yangu, bosi wako ana haki ya kuuliza, kwa kuwa laiki hazijawahi kulipa kodi ya pango. Shida ni kwamba ripoti yako inaishia mahali ambapo biashara ndiyo kwanza inaanza. Mnunuzi anayechagua bidhaa kwenye tovuti na kuilipia hapo hapo kwa kadi, programu za takwimu kama Google Analytics zinaweza kumwona tangu anapobofya tangazo hadi anapolipa. Mteja wako wa sofa hafanyi hivyo. Huona picha Instagram, akahamia WhatsApp, akauliza bei, akaomba apunguziwe, akamtumia dada yake picha ili apate maoni, kisha Jumamosi akaja Keko kuikalia sofa yenyewe na kulipa kwa Lipa Namba. Takwimu zilimpoteza pale alipoingia WhatsApp, na kuanzia hapo mwenye jukumu la kumfuata ni wewe.

Anza na kiungo cha WhatsApp, ambacho kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari. Kile cha Instagram kibebe maneno kama "Habari, naulizia sofa niliyoiona Instagram," na kile cha Google kibebe maneno tofauti, ili kila ujumbe unaoingia ujitambulishe umetoka wapi. WhatsApp Business ina lebo za kuwapanga wateja kuanzia mteja mpya hadi aliyelipa. Zitumie kila siku bila kuruka. Kisha kubaliana na muuzaji wa dukani aandike namba ya simu ya mteja kwenye nakala ya risiti, nawe kila Ijumaa ulinganishe namba hizo na zile zilizokuandikia.

Chukulia kwamba mwezi huu mmetumia shilingi 540,000 kwenye matangazo, watu 120 wakaandika, na 9 wakanunua. Kila aliyeandika amewagharimu shilingi 4,500, na kila aliyenunua shilingi 60,000. Kama faida ya sofa moja ni shilingi 150,000, bosi hatahitaji kuelezwa zaidi. Kama ni 50,000, afadhali uwe wewe wa kwanza kumwambia kwamba tangazo linakula mtaji.

Hesabu hiyo itakuonyesha pia wale 111 waliopotea, na hapa naomba unisikilize vizuri. Fungua maoni yaliyo chini ya picha zenu. Nina hakika utakuta "bei?" nyingi, na majibu ya "njoo inbox" yakiwa mengi vilevile. Sijawahi kuelewa kwa nini mfanyabiashara hulipia tangazo ili avute watu, kisha akaficha kitu cha kwanza wanachotaka kukijua. Andika bei kwenye picha, pamoja na gharama ya kufikisha mzigo Mbagala au Tegeta. Watakaoandika watapungua, lakini watakaobaki ni wale ambao bei haikuwatisha.

Na kama umekuwa ukibonyeza tu kitufe cha kubusti, yaani kulipia chapisho liwafikie watu wengi zaidi, hamia kwenye Ads Manager, programu ya kusimamia matangazo ya Instagram, uchague lengo la kupata ujumbe. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, huwatafuta watu wenye mazoea ya kufanya kile ulichokiomba. Ukiomba laiki, utaletewa watu wa laiki.

*Shikamoo. Nimehitimu stashahada ya uandishi wa habari na kazi hii inanivutia. Siku yenu ya kazi inakuwaje, na je, ni lazima nijue kuandika programu za kompyuta? Msomaji, Mwanza.*

Marahaba. Si lazima, na uandishi wako utakufaa zaidi ya unavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kuandika maneno machache yanayoeleweka. Asubuhi huanza kwa kuangalia ni tangazo gani limesimama usiku, kwa kawaida kwa sababu kadi ya mteja haina salio au tangazo limekataliwa. Duka la dawa, kwa mfano, likiandika "Je, una kisukari?" Meta hulikataa tangazo hilo, kwa kuwa hairuhusu tangazo linaloashiria kuijua hali ya kiafya ya msomaji. Ukiandika "Vipimo vya sukari vinapatikana hapa," shida hiyo inaondoka. Mchana ni wa picha, maandishi na ripoti, na jioni, watu wanapotoka kazini na kushika simu, ujumbe huanza kumiminika.

Jiandae pia kukutana na mteja anayetaka tovuti yake iwe ya kwanza Google ndani ya wiki mbili. Google yenyewe inatahadharisha kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na imewahi kueleza kwamba kwa kawaida matokeo ya kazi ya kuipandisha tovuti huchukua miezi minne hadi mwaka. Mwambie hivyo kabla hujapokea malipo ya awali. Wakati anasubiri, msajilie duka lake kwenye ramani ya Google, ambako hakuna ada, uweke saa za kufungua, namba ya simu na picha ya mlango.

*Meneja wetu amenunua orodha ya namba za simu na anataka tuanze kuwatumia watu hao matangazo kwa SMS na WhatsApp. Je, kuna ubaya? Msomaji, Mombasa.*

Upo, na ni wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu kutumia taarifa za mtu kibiashara hivi hivi bila ridhaa yake, na Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kutoza faini inayofika shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Wenzenu wa Tanzania nao wana sheria yao ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Isitoshe, wapokeaji wakiiripoti namba yenu kwa wingi, WhatsApp inaweza kuifungia, pamoja na mazungumzo yote ya wateja wenu halali.

Mwombe meneja aifute orodha hiyo. Wekeni fomu fupi kaunta, ambamo mteja ataandika namba yake na kuweka alama kwamba amekubali kutumiwa matangazo, na kila SMS mtakayotuma iwe na maelezo ya namna ya kujitoa.