Maswali ya Wasomaji: Peremende Zisizo na Kitu cha Mnyama

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu peremende na chokoleti za vegani, yaani zilizotengenezwa bila chochote kitokanacho na mnyama, ambazo sasa zinaonekana kwenye rafu za supamaketi za Nakuru na Kisumu. Tumechagua barua tano. Kabla ya kuzijibu tulinunua pakiti kadhaa, tukazionja hapa ofisini pamoja na zile za kawaida ili tusijibu kwa kubahatisha.

Swali: Mhariri, binti yangu wa kidato cha tatu ameacha kula kitu chochote kinachotoka kwa mnyama. Sisi ni Wasabato na nyama haikuwa mazoea nyumbani kwetu, kwa hiyo sikumpinga. Nilimnunulia pakiti ya zile peremende laini za matunda zenye alama ya vegani, nikalipa karibu maradufu ya bei ya zile za kawaida, kisha wadogo zake wakaonja na kusema ni kama kutafuna jemu iliyokauka. Je, zote ziko hivyo, au niliuziwa mali mbovu? – *Mama wa Watatu, Section 58, Nakuru*

Jibu: Mama, hukuuziwa mali mbovu, na watoto wako wana ulimi mzuri. Peremende laini za kawaida hugandishwa kwa jelatini, ambayo ni protini inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Jelatini huyeyuka kwenye nyuzijoto 35 hivi, chini kidogo ya joto la kinywa, na ndiyo sababu peremende ya aina hiyo huvutika kwanza kati ya meno, ikapigana na taya, kisha ikalainika yenyewe na kuachilia ladha yake polepole. Watengenezaji wa peremende za vegani hawana kitu cha mmea chenye tabia hiyo yote kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja huchagua anachokubali kukipoteza.

Wengi huchagua pektini, inayotolewa kwenye maganda ya machungwa na ndimu na kwenye makapi ya matofaa yaliyokamuliwa. Hiyo ndiyo inayogandisha jemu, na hapo ndipo wanao walipogusa ukweli. Pektini inayotumiwa zaidi kwa kazi hii haishiki vizuri mpaka ipate sukari nyingi na asidi ya kutosha, na matokeo yake unayaona ukiing'ata na kuitazama: mahali ulipokata panabaki laini, penye unyevu na alama za meno zilizosimama, ilhali ile ya jelatini hurudi na kujifunga mara unapoiachilia. Ukiiinua dirishani, mwanga hupita ndani yake na rangi huonekana safi zaidi. Kwa upande wa ladha, ya pektini hutoa tunda lake mara moja, kwa ukali wa asidi, halafu inaisha. Kwangu mimi hiyo si kasoro hata kidogo, mradi ladha iliyochaguliwa ni ya tunda chachu kama limau, pasheni au zabibu nyeusi. Zilizotuudhi ni zile zilizojaribu vanila na karameli juu ya msingi huohuo mchachu, na sidhani kama kuna mtoto atakayeomba ya pili.

Aina nyingine hutumia aga, zao la mwani, ambayo haiyeyuki mpaka ifikie karibu nyuzijoto 85, na kwa hivyo mdomoni huvunjikavunjika bila kulainika, nayo ladha huchelewa kufika. Hizo tulizipenda kwa uchache zaidi. Zilizogandishwa kwa wanga wa mahindi hunata kwenye magego, jambo ambalo mtu aliyezoea halua halimsumbui, ingawa halua yenyewe hupikwa kwa samli na binti yako hataila. Zile nyeupe zenye povu, ambazo watu huzichoma kwenye moto wa kambini, huwekewa karagini, ambayo nayo hutoka kwenye mwani wa jamii ileile inayolimwa na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, na hizo zilitushangaza kwa uzuri.

Kuhusu bei, nyingi tulizoziona zimeagizwa kutoka Ulaya, na gharama ya safari imo ndani ya pakiti. Mnunulie binti pakiti ndogo ya ladha chachu, na umwambie wadogo zake waionje kama peremende ya aina yake, wasitafute ndani yake ile waliyoizoea.

Swali: Nilinunua chokoleti ya tui la nazi mjini Kisumu, nikaisahau mkobani mpaka jioni. Nilipoifungua ilikuwa imetoka mafuta, na siku ya pili ilikuwa na madoa meupe. Je, imeota kuvu? Na kwa nini ile ya maziwa ya ng'ombe hainifanyii hivyo? – *Msomaji wa Kondele*

Jibu: Haijaota kuvu. Yaliyokutokea ni mafuta kuyeyuka, kupanda juu na kuganda upya bila mpangilio wake wa awali. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu nyuzijoto 34, lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye 24 tu, na Kisumu mchana hupita kiwango hicho kwa urahisi. Mafuta hayo mawili yakichanganywa, mchanganyiko hulainika mapema kuliko kakao ikiwa peke yake. Ile ya maziwa ya ng'ombe nayo ingeharibika katika mkoba huohuo, ila ingestahimili muda mrefu kidogo. Pitisha kidole juu ya doa: likipotea kwa joto la kidole, ni mafuta, na chokoleti yako inalika ingawa imepoteza ule mlio wake wa kukatika. Kuvu lina manyoya na harufu, wala halifutiki hivyo.

Ukiiweka kwenye friji, itie kwanza ndani ya kopo linalofunga vizuri, na ukiitoa iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua kopo, la sivyo unyevu wa hewa ya ziwani utatua juu yake na kuyeyusha sukari.

Kwa mwenye kutaka ladha ya maziwa, tulichokionja kinaelekea kwenye ile ya oti, yenye utamu wa nafaka na ulaini unaokaribia maziwa, kuliko ya tui, ambayo nazi yake huimeza kakao yote. Ya mchele ilikuwa tamu mno na chembechembe zake zilisikika ulimini. Lakini kabla hujalipa zaidi kwa neno lililoandikwa mbele, geuza chokoleti nyeusi ya kawaida yenye kakao asilimia 70 usome nyuma yake. Mara nyingi utakuta kakao, mafuta ya kakao, sukari na lesithini ya soya, basi. Hiyo imekuwa ya vegani miaka yote bila kujitangaza.

Swali: Mimi ni mwalimu Kakamega na mshahara wangu hauwezi kushindana na bidhaa za kutoka ng'ambo. Ni peremende zipi za dukani kwa mtaa ambazo tayari hazina kitu cha mnyama? – *Mwalimu*

Jibu: Mwalimu, ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Peremende ngumu za kumung'unya hutengenezwa kwa sukari na sharubati ya glukosi iliyochemshwa mpaka karibu nyuzijoto 150, kisha huongezwa asidi, ladha na rangi, na kwa kawaida hakuna mnyama aliyehusika. Anza na hizo, lakini usome lebo, kwa sababu viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kizito zaidi na vya kutiliwa shaka hukaa mwishoni, kwa herufi ndogo kabisa.

Tofi na karameli ziache, maana maziwa na siagi ndiyo asili yake. Asali pia haikubaliki kwa vegani. Kisha tafuta namba zinazoanza na E, ambazo hutambulisha viambato vya kuongezwa. E120 ni rangi nyekundu inayosagwa kutoka kwa wadudu wadogo waishio juu ya mpungate, na nchi inayoitoa kwa wingi ni Peru. E904 ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India na Thailand, na E901 ni nta ya nyuki. Zote mbili hutumiwa kuzing'arisha peremende zenye ganda linalometameta. E441 ni jelatini, ingawa siku hizi huandikwa kwa jina lake. Namba inayosumbua kweli ni E471, kiambato cha kuunganisha mafuta na maji, kwa kuwa inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama, na lebo haimlazimishi mtengenezaji aseme ni yapi. Hapo alama ya chama husaidia: The Vegan Society, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, huidhinisha bidhaa kwa alama yenye ua la alizeti. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambayo wengine huichukulia kuwa inatosha, inahusu viwango vya bidhaa na haisemi lolote kuhusu wanyama.

Wako wanaouliza hata kuhusu sukari yenyewe, kwa sababu katika baadhi ya nchi sukari nyeupe husafishwa kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Sukari ya kahawia ya viwanda vya ukanda wetu wa miwa husafishwa kwa chokaa na joto, kwa hiyo shaka hiyo haina mizizi hapa.

Na ukiwa Kakamega, unaishi jirani na peremende iliyotupendeza kuliko zote tulizozionja. Simsim iliyokaangwa na kushikanishwa kwa sukari nguru, ile inayochemshwa kwenye makarai mapana mpaka maji ya miwa yawe mazito na mekundu, ina vitu viwili tu. Ikiwa mkaangaji hakuiunguza, simsim hupasuka mdomoni moja moja, uchungu wake kidogo ukakata utamu mzito wa nguru, na ladha hubaki hata baada ya kumeza. Iliyovunjwa siku hiyohiyo hukatika kwa mlio, lakini iliyokaa wazi siku za mvua hunyonya unyevu na kunata vidoleni, kwa hiyo bonyeza kabla ya kulipa. Kashata za njugu nazo ni hivyohivyo, mradi muuzaji hakutia maziwa ya unga, na hilo utalijua kwa kumwuliza.

Swali: Je, peremende yenye alama ya vegani ni halali moja kwa moja? – *Msomaji, Mumias*

Jibu: Ndugu yetu, alama hiyo inakuondolea wasiwasi wa nguruwe na wa jelatini isiyojulikana, na hiyo ni sehemu kubwa ya kazi. Haikuhakikishii kuhusu pombe, ambayo huweza kutumiwa kuyeyushia ladha kama ya vanila, au kujazwa ndani ya baadhi ya chokoleti. Tafuta alama ya halali pia, na penye shaka mwulize imamu wako, si sisi.

Swali: Vijana wa kanisa letu wanataka kuandaa siku ya kuonja peremende hizi na kuona kama mtu anaweza kuzitofautisha na za kawaida. Tufanyeje ili isiwe kelele tu? – *Kiongozi wa vijana, Bungoma*

Jibu: Mpe kila mwonjaji vipande vitatu vilivyokatwa sawa, viwili vya aina moja na kimoja cha nyingine, naye aseme kipi ni tofauti. Anayekisia ana nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo katika watu 12 mtapata kwa wastani wanne waliofaulu kwa bahati tu, na msiseme tofauti inaonekana mpaka wawe angalau wanane. Mpangilio wa vipande ubadilishwe kutoka mtu hadi mtu, na anayevigawa asijue kilicho tofauti, kwani uso husema. Vijana ambao hawali vitu vya mnyama wasiingizwe katika jaribio hili, kwa kuwa lazima waonje vyote viwili. Waachieni kulinganisha za vegani zenyewe kwa zenyewe.

Fanyeni kabla ya chai, maana chai ya maziwa hufunika ulimi. Katikati ya kuonja, maji ya uvuguvugu yanafaa kuliko baridi kwa sababu huondoa mafuta ya chokoleti, na kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi husafisha mdomo vizuri kuliko biskuti. Anzeni na ladha pole, limau na kakao chungu zije mwisho.

Jambo la kuangalia kwa makini ni mzio. Kutokuwa na maziwa katika viambato si sawa na kuwa salama kwa mwenye mzio wa maziwa, kwa sababu chokoleti nyingi za vegani hupita kwenye mitambo ileile inayopitisha za maziwa, na ndiyo maana ya onyo kwamba huenda ina chembe za maziwa. Ulizeni pia kuhusu njugu na soya kabla ya kufungua pakiti. Zile zisizo na sukari, zenye vitamu mbadala kama sorbitoli au maltitoli, zisizidi kipande kimoja kwa mtu, la sivyo foleni ya chooni itavuruga matokeo. Sukari ya vegani ni sukari ileile: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ingekuwa bora ikishuka hadi 25. Kwa hiyo kateni kila peremende vipande vinne. Kisu hunata kwenye zile za pektini, kwa hiyo kichovyeni katika wanga wa mahindi kila baada ya kukata, na vipande vyote, vya vegani na vya kawaida, vipakwe wanga huohuo ili mtu asivitambue kwa macho.