Re: Malindi mwezi wa saba na watoto, kuna cha kufanya nje ama tungoje Disemba?

Dada njoo tu huo mwezi wa saba, usingoje. Bahari ndiyo itakuwa na mawimbi manake ni msimu wa upepo wa kusi, kwa hivyo snokeli ile ya Marine Park maji yakiwa kioo iwachie kaskazi (upepo wa kina Disemba, bahari ikitulia), lakini nyangumi wanapita Watamu kuanzia Julai mpaka Septemba, ukipata siku imetulia panda boti na nahodha mwenye laifujaketi za watoto, hapo usikubali maneno matamu. Jua nalo halichomi sana, basi nendeni magofu ya Gede (yaliingia orodha ya UNESCO 2024), watoto watapenda kima wanaoruka juu ya kuta, ila chakula fungeni kwa begi kabisa, wale hunyakua ndizi mkononi hivi hivi. Marafa pia, lile korongo la Nyari, tokeni Malindi saa tisa mfike jua likishuka, rangi za udongo zinabadilika nyekundu, chungwa, nyeupe, na guide wa kijiji atawapa kisa chake. Mkitaka kuja tena epukeni Aprili na Mei tu, masika barabara inakuwa tope.