Kodi ya fremu inanikuta sina kitu kila baada ya miezi sita

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni fundi cherehani nipo Mbagala, nafanya kazi peke yangu, sina msaidizi. Wateja ninao, kwa siku ya kazi sikosi 18,000 ya ushonaji, lakini kila ikifika kodi ya fremu, 480,000 ya miezi sita, nakuwa sina hata nusu. Safari iliyopita nilichukua mkopo wa kausha damu, nimeulipa kwa machozi anti. Imebaki wiki tano kodi iishe na nimeanza kuuwaza tena. Hela zangu zote zinaingia kwenye laini moja, ya kazi na ya nyumbani. Nakosea wapi?
Fundi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huo mkopo achana nao kabisa, nitakwambia cha kufanya.

Mimi nilikuwa na fremu ya saluni Temeke miaka minne, na kilichonitesa ndo hicho hicho, kodi ilikuwa inakuja kwa mkupuo halafu hela yenyewe inaingia kidogo kidogo, kwa hiyo kila siku naona nina hela kumbe ile hela ina mwenyewe. Dawa niliyoipata ni kuikata kodi iwe ya siku. Chukua hiyo 480,000, kwa mwezi unafanya kazi kama siku 26, miezi sita ni siku 156, inakuja kama 3,100 kwa siku. Hiyo 3,100 inatoka kabla hujanunua hata vocha, unaiweka kwenye laini nyingine au kibubu.

Vingine vifanyie hivyo hivyo. Umeme wa LUKU weka 1,000. Uzi, zipu, vifungo na gamstiki weka 1,500, na hapa mafundi wengi mnajidanganya sana, unamchaji mteja ushonaji halafu zipu unaitoa mfukoni mwako unaona ni kitu kidogo, hesabu zipu za mwezi mzima utashangaa. Mashine weka 500, maana sindano zinakatika, mkanda unaisha, na siku ikigoma hakuna wa kukushonea. TRA nao weka 500, wakishakukadiria unalipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Na ukiwa na kumbukumbu za mauzo unakadiriwa kwa hizo, sio kwa macho ya afisa, kwa hiyo nunua kaunta buku leo leo uandike kila kinachoingia na kutoka, hata cha 200.

Jumla hapo ni 6,600. Halafu jilipe wewe, tuseme 8,000, hiyo ndo ya mboga, nauli za watoto na mchezo wako kama unacheza. Ikiisha imeisha, hurudi kwenye droo ya kazi. Inabaki 3,400 ya kukulinda miezi mibovu, na unaijua, sare za Januari zikishapita na sikukuu zikiisha unaweza kukaa siku mbili unapiga pasi tu.

Kitu kingine hujakiandika ila nina uhakika kipo: hela ya kianzio. Mama analeta 60,000 ya kitambaa cha sare, jioni gesi inaisha unachomoa 25,000 ukijua kesho utarudisha, kesho anakuja mteja mwingine na kianzio chake unakinunulia kitambaa cha yule wa kwanza, na hapo mwanangu umeshaanza kukopa kwa wateja bila kujijua. Hela ya kitambaa ikiingia asubuhi, mchana kitambaa kinunuliwe. Kama huwezi kutoka, ifunge kwenye bahasha uandike jina la mteja.

Sasa hiyo kodi. Wiki tano ni siku 30 za kazi. Ukiweka ile 3,100 pamoja na 3,400 kila siku unapata 195,000. Usisubiri tarehe ifike, nenda kwa mwenye nyumba wiki hii, ukiwa na heshima zako, mwambie unaomba ulipe miezi miwili kwanza, 160,000, halafu uendelee miwili miwili. Akikubali mwambie muandikishane, hata kwenye karatasi ya daftari, wote wawili msaini. Akikataa muombe mitatu, ni 240,000, hapo utapungukiwa 45,000 na hiyo unaweza kuipata kwa kukusanya madeni ya nguo zilizokwisha ambazo zinaning'inia hapo ukutani, najua zipo.