Acheni Kuisingizia Minyoo

Mwanangu wa miaka 6 anasaga meno usiku hadi tunamsikia chumba cha pili. Nimeshampa dawa ya minyoo mara mbili, bado. Nirudie? (Mama, Tanga)

Usirudie. Barua hii naipata kila mara, kinachobadilika ni jina la mji tu. Minyoo inakaa tumboni. Kinachosaga ni misuli ya taya, na inaamriwa na ubongo pale usingizi unapokatika kidogo bila mtu kuamka. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya shule au kliniki, kwa ajili ya minyoo. Watoto wengi wa umri huo husaga na huacha wenyewe wakikua. Ambalo hukuniuliza ndilo kubwa: je, anakoroma na kulala mdomo wazi? Kama ndiyo, huenda mafindofindo yanambana pumzi. Mpeleke akaangaliwe koo.

Jino lililosagika huota tena? (Kisumu)

Halioti.

Ni dereva wa lori. Naamka taya zimekaza, kichwa kinauma kwenye panja, na maji baridi yananipa ganzi. Mirungu natumia kidogo tu. Nimeambiwa ning'oe magego mawili. (Dodoma)

Jino zima haling'olewi kwa sababu ya kusaga. Ukiling'oa utasaga yaliyobaki. Pitisha ulimi kwenye chonge zako: kama ncha zimekuwa bapa, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe unaofuata meno, jibu unalo: unasaga meno usingizini. Muombe daktari wa meno akupime kinga ngumu ya plastiki ya kuvaa usiku. Haiponyi, inalinda meno tu. Na usiniletee ile laini ya mabondia ya dukani, wengine huitafuna usiku kucha kama jojo. Mchana, ukiwa kwenye usukani, midomo ifunge lakini meno yaachane. Hayatakiwi kugusana ila unapokula au kumeza. Hiyo "kidogo tu" ya mirungu siiamini: inachangamsha mwili, halafu saa nzima za kutafuna zinaichosha taya ileile. Sigara, pombe na kahawa ya usiku nazo zimo. Na kama unakoroma na kusinzia barabarani, kapimwe usingizi kabla hujabeba mzigo mwingine.

Nimeanza dawa ya fluoxetine kwa ajili ya sonona, sasa nasaga meno. Jirani anasema ni jini. Niache? (Msomaji, Mombasa)

Usiache kienyeji. Dawa za kundi hilo zinaweza kuleta hali hiyo. Mwambie aliyekuandikia, anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Jirani aliyekwambia ni jini hajasoma karatasi iliyomo kwenye boksi.