Mnara wa kutazamia shambani Ngongongare: mita 20 za nini?

Mkuu, umeuliza kama mnara wa mita 20 utatosha wageni kuona Kilimanjaro kutoka shambani kwako Ngongongare, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukaweka na picha ya ule mnara wa Denmark uliojipinda katikati ya msitu. Mimi ni fundi wa vyuma na mbao, nimeshafunga minara ya matangi, vibanda vya juu vya wageni na minara kadhaa ya kutazamia kati ya Usa River na Momella. Nitajibu kirefu, vumilia.

Kimo kwanza, maana ndicho kinachokula hela. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895. Kutoka kwako ni kilomita kama 60, na kilele kinakuzidi kwa zaidi ya mita 4,000. Ukipanda mita 20 mlima haubadiliki hata kidogo. Kinachokuzuia kuuona ni miti, na miti ndiyo inayopanga kimo cha mnara. Kwa umbali huo, mstari wa jicho kwenda kileleni unapanda takriban mita 7 kwa kila mita 100. Kwa hiyo mkaratusi wa mita 15 ulio mita 150 mbele yako unakificha kilele ukiwa umesimama chini. Panda jukwaa la mita 8, mstari huohuo unapita juu ya mti na nafasi ya kama mita 5 inabaki. Hizo mita nyingine 12 ulitaka kuzijenga za nini?

Usiamini hesabu yangu peke yake. Funga mirunda pale unapotaka mnara, panda na futi kamba na simu, piga picha kila baada ya mita mbili. Mteja mmoja alikuja na mchoro wa mita 18. Tulipopanga picha zake mezani, kuanzia mita 9 kwenda juu hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Droni ingefanya kazi hiyo kwa dakika chache, ila ina vibali vyake, na wewe umepakana na hifadhi. Mirunda haina maneno.

Jambo la pili wengi hawalifikirii mpaka mgeni anune. Kibo hujifunika mapema. Ikifika saa nne asubuhi, mara nyingi unaona wingu tu, na Juni na Julai unaweza kupitisha siku nzima bila mlima. Tena kwako Kibo iko upande wa mashariki, kwa hiyo alfajiri jua linatokea nyuma yake na unaona kivuli cheusi. Theluji inapata mwanga jioni, mawingu yakikubali kuondoka. Maana yake mgeni wako atapanda saa kumi na moja jioni na kushuka giza likiingia, basi weka taa za chini kwenye ngazi. Na jukwaa lielekee pia kwenye kitu kisichofunikwa na mawingu. Una mbega kwenye miti ya korongoni, una Mlima Meru nyuma yako. Mimi ningeupanga mnara kwa ajili ya mbega, Kibo ikawa nyongeza.

Sasa huo wa Denmark. Ni mita 45, ulifunguliwa 2019, na watu wanapanda kwa njia ya mteremko inayozunguka, hata kiti cha magurudumu kinafika juu. Ni mzuri, sibishi. Lakini mteremko wa kiti cha magurudumu unataka mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kimo, kwa hiyo mita 8 tu ni njia ya mita 96 bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Wewe una bahati ambayo wao hawana: shamba lako linaangukia korongoni. Simamisha mnara upande wa chini, halafu vuta daraja la mbao kutoka upande wa juu. Mgeni anatembea karibu tambarare na kujikuta mita 8 hewani, usawa wa matawi. Bibi wa miaka 70 anafika bila kuhema. Ila kama korongo lina maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka ukae mita 60 kutoka ukingoni, kapime kabla hujachimba.

Nguzo: mikaratusi iliyotiwa dawa inafaa sana, lakini dawa haifiki kwenye moyo wa mti. Fundi akikata kitako ili nguzo zilingane, au akitoboa tundu la bolti baadaye, amefungua mlango wa mchwa. Niliwahi kuitwa kukagua mnara uliokuwa unanesa. Kwa macho nguzo zilikuwa safi kabisa. Nikachomeka bisibisi pale mbao inapokutana na udongo, ikazama mpaka kwenye mpini. Kwa hiyo agiza urefu kamili, kata na toboa kabla ya dawa, na kila mguu ukae kwenye kiatu cha chuma juu ya zege, sentimita 15 kutoka ardhini. Msingi uwe mzito kuliko unavyodhani. Udongo wa kwenu ni majivu ya volkano, na upepo ukiingia chini ya paa unataka kuung'oa mnara zaidi ya kuuzamisha.

Jukwaa lihesabiwe kilo 500 kwa mita ya mraba, maana watu husongamana upande wenye mlima. La mita 4 kwa 4 ni tani 8. Kingo za kuzunguka jukwaa ziwe na kimo cha sentimita 110, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Juu ya vidato pigilia wavu wa kuku, msimu wa ukungu mbao huota utelezi wa kijani.

Radi usiifanyie mzaha. Fimbo juu, mkanda wa shaba hadi kwenye ethi, yaani chuma kilichozikwa ardhini, na fundi umeme apime ukinzani wake usizidi omu 10. Hata hivyo ngurumo ikisikika wote washuke.

Mchoro upigwe muhuri na mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kibali cha ujenzi ni halmashauri, na kwa kuwa ni biashara ya wageni jirani na hifadhi, waulize NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mapema kuhusu tathmini ya mazingira. Hawa ndio watakaokuchelewesha, siyo mafundi. Peleka barua huku mirunda ikiwa inafungwa.